Saruji inavyoziangamiza nyumba za mawe za Lamu

Wahenga walituachia onyo kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika Mji wa Kale wa Lamu onyo hilo limepinduka. Wapo wenye nyumba walioziba ufa mapema, kwa gharama yao wenyewe na kwa nia njema, na baada ya miaka michache wakajikuta wanajenga ukuta mzima. Hawakuchelewa. Kilichowaponza ni kile walichozibia, yaani saruji.

Huenda suala la chokaa na saruji likaonekana dogo likilinganishwa na mijadala mikubwa ambayo imeiandama Kaunti ya Lamu kwa zaidi ya mwongo mmoja sasa. Kuna bandari mpya iliyo sehemu ya mradi wa LAPSSET uliozinduliwa Machi 2012. Kulikuwa na kiwanda cha umeme wa makaa ya mawe ambacho leseni yake ilifutiliwa mbali na Mahakama ya Kitaifa ya Mazingira mnamo Juni 2019. Kuna ardhi na kuna usalama. Hata hivyo, wanaouhofia mradi wa bandari kwa sababu utauharibu mji wa kale wanapaswa kukumbuka kwamba mji huo unaweza kuporomoka hata pasipo meli moja kutia nanga, ukuta baada ya ukuta, kwa mikono ya mafundi walioitwa kuuokoa.

Lamu iliingizwa katika orodha ya Turathi za Dunia ya Shirika la Umoja wa Mataifa la Elimu, Sayansi na Utamaduni (UNESCO) mwaka 2001. Sababu iliyotolewa ni kuwa huu ndio mji wa Waswahili wa zamani zaidi na uliohifadhika vyema zaidi katika Afrika Mashariki, na kwamba bado watu wanaishi ndani yake. Sehemu hiyo ya pili ndiyo yenye uzito katika mjadala wetu. Gede, mji uliojumuishwa katika orodha hiyo mwaka 2024, ni magofu. Yakizungushiwa ua na kulindwa yanaweza kukaa. Fort Jesus, iliyoingia mwaka 2011, ni ngome iliyo mikononi mwa Makavazi ya Kitaifa, na bahari ilipoanza kuula mwamba wake serikali ilitenga fedha za umma kujenga ukuta wa kuyazuia mawimbi. Lamu ni hekta 16 hivi za nyumba za watu. Humo mnapikwa, mnaoshwa, mnazaliwa watoto na kuagwa maiti. Bomba likivuja, hakuna afisa wa serikali anayelilipia.

Ili kuelewa kinachotokea, hatuna budi kuanza na ukuta wenyewe. Jiwe la matumbawe lililotumiwa na waashi wa zamani ni la aina mbili. Lipo lile linalochimbwa nchi kavu, mwamba uliotokana na matumbawe yaliyokufa zaidi ya miaka 100,000 iliyopita, bahari ilipokuwa juu kuliko ilivyo leo. Hilo ndilo mwili wa ukuta, na hadi leo linachimbwa katika kisiwa jirani cha Manda, penye kijiji ambacho jina lake, Maweni, linajieleza. Lipo pia lile lililokatwa baharini likiwa bichi, laini kiasi cha kuchongeka bila taabu, kisha likakauka na kuwa gumu. Hilo lilihifadhiwa kwa pale palipohitaji ustadi, kama vile miimo ya milango na mihirabu ya misikiti.

Mawe hayo yalishikanishwa kwa chokaa, mchanga na udongo mwekundu, yakajengwa ukuta wa unene wa nusu mita hivi. Juu yake zililazwa boriti za mikoko, na kwa kuwa boriti hazizidi urefu fulani, vyumba vyote vya nyumba za kale vina upana unaokaribiana, mita mbili na nusu au zaidi kidogo, hata viwe virefu namna gani. Kwa maneno mengine, ni mti wa mkoko uliopima chumba cha Mswahili. Juu ya boriti zilipangwa tabaka za mawe na chokaa, sakafu ikapigiliwa kwa vipande vya mbao hadi ikashikamana. Hatimaye kuta zikapigwa lipu ya chokaa, na katika nyumba za wenye uwezo wa karne ya 18 ikafinyangwa safu juu ya safu za zidaka. Aliyewahi kuingia katika Jumba la Makavazi la Nyumba ya Waswahili pale Lamu amekwisha kuviona vyote hivi mahali pamoja.

Ni nyumba iliyojengwa kabla ya saruji kuwako. Hataza ya saruji tunayoitumia leo, ile ya Portland, ilitolewa Uingereza mwaka 1824. Kwetu ilianza kutengenezwa kwa wingi katika kiwanda cha Bamburi mnamo 1954, na la ajabu ni kwamba malighafi yake ni mwamba uleule wa matumbawe. Jiwe moja, matanuri mawili, na matokeo yaliyo maadui.

Uadui huo unatokana na maji. Katika kisiwa chenye hewa ya chumvi na misimu miwili ya mvua, ukuta wa mawe hauwezi kukaa mkavu. Maji hupanda kutoka ardhini, hupenya kutoka kwenye paa, na hunyonywa kutoka hewani. Waashi wa kale hawakujaribu kuyazuia kabisa. Chokaa yao ina vitundu vingi vidogo, hivyo maji yaliyoingia ukutani hutoka kupitia kwenye lipu na kukauka juani. Chumvi iliyoyeyuka ndani yake hutoka pamoja nayo na kuganda juu ya lipu kama unga mweupe. Lipu huchakaa, hubanduka, hupigwa nyingine. Mwenye nyumba huona kero, lakini jiwe liko salama. Lipu ya chokaa ni kama shuka la juu la kitanda: kazi yake ni kuchafuka ili godoro lisichafuke.

Sasa pigeni ukuta huo lipu ya saruji. Kwa miezi michache, pengine mwaka, utapendeza kuliko wa jirani. Ni mgumu, umenyooka, haubanduki ukiguswa. Lakini maji hayajaacha kupanda, na njia yake ya kutokea imezibwa. Hujikusanya nyuma ya saruji, au hupanda juu zaidi kutafuta mahali pasipozibwa, ndiyo maana katika nyumba nyingi mstari wa unyevu huhama kutoka magotini hadi kifuani baada ya matengenezo. Chumvi nayo huganda humohumo ndani ya jiwe. Punje za chumvi zinapoganda hutanuka na kuvisukuma vitundu vya jiwe, msimu baada ya msimu, hadi jiwe likawa unga. Saruji yenyewe huongeza chumvi zake. Siku lipu inapodondoka huanguka ubao mzima, na nyuma yake, palipokuwa na matumbawe, mnachoteka kwa mkono kama sukari.

Lipo jambo la pili. Nyumba ya chokaa husogea. Ardhi ikinyonya maji hutanuka, ikikauka hujikunja. Boriti huvimba na kusinyaa. Chokaa huyavumilia haya kwa nyufa nyembamba sana zinazotawanyika, na maji ya mvua yanapopita huyeyusha kiasi cha chokaa na kuirudisha ufani. Saruji haina uvumilivu huo. Haisogei hata ikafikia kikomo chake, kisha hupasuka ufa mmoja mrefu unaopita katikati ya mawe, kwa kuwa mawe ndiyo dhaifu kuliko kiungo. Waashi wa zamani walikuwa na kanuni iliyo kinyume: kiungo kiwe dhaifu kuliko jiwe, kwa sababu kiungo hubadilishwa kwa mwiko na jiwe halibadilishwi ila kwa kubomoa.

Mbona basi watu wanaojua haya, na Lamu wapo wengi wanaoyajua, wakaendelea kununua saruji? Ni rahisi kuwalaumu kwa ujinga au tamaa ya usasa. Anayefanya hivyo hajawahi kulitengeneza dari linalovuja kwa mshahara wa mwalimu.

Mfuko wa saruji unapatikana dukani leo, hubebwa na punda hadi mlangoni, na kesho jioni kazi imegumaa. Chokaa haiendi hivyo. Mawe ya matumbawe huchomwa kwa kuni katika tanuu hadi joto la nyuzi 900 hivi, hewa ya kaboni iliyomo itoke. Kinachobaki ni chokaa kali ambayo ikimwagiwa maji huchemka na kufuka moshi, na inaweza kumpofusha fundi asiyejihadhari. Inapopoa hulowekwa kwa majuma, na wajuzi hupenda iachwe kwa miezi. Ikishapigwa ukutani haigandi kwa kukauka tu; hurudi kuwa jiwe polepole kwa kuivuta tena ile hewa iliyotoka tanuuni. Kwa hivyo sharti ipigwe kwa tabaka nyembamba, ifunikwe magunia, inyunyiziwe maji kila siku isichomwe na jua. Ukiiharakisha hupasuka na kuwa unga, na mwenye nyumba atasema, kwa haki, kwamba fundi wa chokaa amemwibia.

Aidha, viungo vingine vya nyumba vimekuwa adimu. Kaunti ya Lamu ina zaidi ya nusu ya misitu yote ya mikoko nchini, lakini kuifikia boriti kihalali si jambo jepesi. Usafirishaji wa boriti nje ya nchi ulipigwa marufuku mwaka 1982. Mwezi Februari 2018 serikali ilipositisha ukataji wa miti katika misitu ya umma kote nchini, wakataji mikoko wa Lamu walijumuishwa, na mafundi wakakosa boriti katika kaunti ambayo miti hiyo inaota hadi mlangoni mwao. Matumbawe hai nayo hayawezi tena kukatwa, na hilo ni sawa kabisa. Hakuna mtu mwenye akili timamu atakayetaka mwamba wa samaki ugeuzwe mwimo wa mlango. Lakini kila marufuku iliyowekwa kwa sababu nzuri iliwasukuma watu hatua moja zaidi kuelekea kwenye nondo na saruji, na hakuna aliyekaa kupiga hesabu ya jumla.

Juu ya yote nyumba zenyewe zimebadilika matumizi. Vyoo vya maji, matangi juu ya paa na mabomba yaliyopitishwa ndani ya kuta vimeleta maji mahali ambapo mwashi wa karne ya 18 hakuyatarajia. Ongezeko la watu limewatia wenye nyumba hamu ya kuongeza ghorofa ya kukodisha, na ghorofa hiyo hujengwa kwa zege juu ya kuta zilizokusudiwa kubeba boriti na chokaa. Ukuta wa matumbawe hustahimili uzito uliotandazwa sawasawa katika urefu wake wote. Ukiuwekea mhimili wa zege unaotua mahali pamoja, umeukalia mtu begani kwa kidole gumba.

Sheria ipo. Mji wa kale ulitangazwa kuwa eneo la hifadhi mwaka 1986 chini ya sheria ya mambo ya kale na makumbusho ya 1983, na mpango wake wa uhifadhi ukaandaliwa wakati huohuo. Mwaka 2006 sheria hiyo ilichukuliwa mahali pake na Sheria ya Makavazi na Turathi za Kitaifa. Anayetaka kuigusa nyumba iliyo ndani ya eneo hilo anapaswa kupata idhini. Mashaka yanaanza pale Katiba ya 2010 ilipogawa majukumu. Jedwali la Nne linaiachia serikali kuu makumbusho ya kale na ya kihistoria yenye umuhimu wa kitaifa. Jedwali hilohilo linazipa kaunti mipango ya ustawi, nyumba, na hata majumba ya makavazi na shughuli za utamaduni. Nyumba ya ghorofa mbili ya Mkomani, yenye zidaka za miaka 250 na wapangaji wanne, iko upande upi? Ni turathi ya taifa inapoorodheshwa na ni makazi ya kaunti inapotaka kibali cha ujenzi. Penye mabwana wawili mtumwa hulala, na ukuta huanguka.

Hata hivyo, kasoro kubwa ya sheria hizi si mgongano wa mamlaka. Ni kwamba zinamwambia mwenye nyumba asilolipaswa kulifanya na kumwachia gharama ya lile alilopaswa. Taifa zima linajivunia Lamu. Wizara ya Utalii huipamba katika matangazo yake, na wenye mashua, hoteli na ndege hupata riziki kwa sababu ya sura ya mji ule. Anayetakiwa kuitunza sura hiyo, kwa vifaa vya bei ghali na fundi adimu, ni mjane aliyerithi sehemu ya nyumba. Biashara yoyote ambayo faida yake ni ya wengi na gharama yake ni ya mmoja hatimaye hufungwa.

Kuhusu urithi, kuna jambo ambalo wataalamu wa majengo hulipita upesi, pengine kwa sababu halipimwi kwa timazi. Chini ya sharia ya Kiislamu nyumba hugawika kwa warithi wengi. Baada ya vizazi vitatu, jengo moja huwa na wenyewe ishirini au zaidi, baadhi yao Mombasa, baadhi Jeddah au Muscat, baadhi hawafahamiani. Kupata saini ya kuuza ni vigumu. Kupata mchango wa kununua chokaa ni vigumu zaidi. Zile zilizowekwa wakfu zina msimamizi, lakini mapato yake aghalabu hayatoshi. Hivyo nyumba hukaa miaka ikinyeshewa, kila mrithi akimngojea mwenzake, mpaka mmoja anapochoka na kumwita fundi wa karibu aje "azibezibe". Au inauzwa.

Ikiuzwa, mara nyingi mnunuzi anatoka nje, na hapa pana kejeli. Mgeni mwenye fedha anaweza kumngoja fundi wa chokaa miezi sita. Anaweza kuagiza jiwe lichongwe na kidaka kifinyangwe upya. Ndiyo maana baadhi ya nyumba zilizokarabatiwa kwa uangalifu mkubwa zaidi si za wenyeji tena, na hukaliwa miezi michache tu kwa mwaka. Msifu mgeni kwa kazi yake, kwani ameokoa jengo na amewalipa mafundi. Lakini UNESCO iliiorodhesha Lamu kwa kuwa inakaliwa na Waswahili wa Lamu. Mji wenye kuta salama na milango iliyofungwa kwa kufuli msimu mzima utakuwa umeponyoka kifo cha aina moja ukakutana na kingine.

Pigo la utalii lilizidisha hali hiyo. Baada ya mashambulizi ya Mpeketoni ya Juni 2014 na kafyu iliyofuata, nyumba za wageni zilikaa tupu. Zilipoanza kuinuka, janga la korona la 2020 likazizima tena. Familia nyingi zilizokuwa zikitegemea chumba kimoja cha kukodisha kulipia matengenezo ya nyumba nzima ziliahirisha. Matengenezo ya chokaa hayasamehe kuahirishwa. Paa lisilopakwa chokaa kabla ya masika mawili mfululizo huanza kupitisha maji, na boriti ikishaoza kwenye ncha iliyozikwa ukutani hujulikani hadi inapokatika.

Tunaye jirani wa kutufunza. Mji Mkongwe wa Zanzibar uliingia katika orodha ya Turathi za Dunia mwaka 2000, mwaka mmoja kabla ya Lamu. Jengo lake maarufu kuliko yote, Beit al-Ajaib, lilijengwa na Sultan Barghash mwaka 1883 na likastahimili mizinga ya Waingereza ya 1896. Mwaka 2012 sehemu yake iliporomoka na makavazi yaliyokuwamo yakafungwa. Fedha zilitafutwa, Oman ikajitolea, mafundi wakaingia. Tarehe 25 Desemba 2020, kazi ya ukarabati ikiwa inaendelea, upande mkubwa wa mbele pamoja na mnara ukaanguka, watu wawili wakapoteza maisha. Tukio hilo lilitufunza kwamba fedha kuwapo si sawa na jengo kuwa salama, na kwamba nyumba kongwe iliyoachwa kwa muda mrefu huwa hatari zaidi wakati wa kutengenezwa kuliko wakati wa kuachwa.

Kwa upande mwingine kuna Kilwa Kisiwani. Magofu yake yaliwekwa katika orodha ya turathi zilizo hatarini mwaka 2004. Kwa miaka kumi kazi ilifanywa ya kuimarisha kuta kwa chokaa, wenyeji wakishirikishwa na kufunzwa, na mwaka 2014 Kilwa ikaondolewa katika orodha hiyo ya aibu. Jawabu halikuletwa na kifaa kipya. Lilikuwa chokaa, mawe yaleyale, na watu wa karibu waliojua namna ya kuvitumia.

Ukarabati unaofaa huanzaje? Mwashi mzuri hagusi ufa kwanza. Huanza juu ya paa na kushuka, akitafuta maji yanakotoka: mchirizi ulioziba, tangi linalovuja, bomba la choo la jirani, kibaraza kilichoinuliwa kwa saruji hadi kikaupita msingi. Maji yasipozuiwa, kazi nyingine yote ni kuremba. Pili huweka nguzo za kutegemeza dari kabla ya kutoa jiwe hata moja. Saruji ya zamani huondolewa kwa patasi na nyundo ndogo, kwa subira. Mashine ya kutoboa hutikisa ukuta mzima na kuangusha kifusi kilichoko katikati yake. Pahali pengine saruji imeshika jiwe kwa nguvu kiasi kwamba kuing'oa ni kung'oa na uso wa jiwe. Hapo mwenye busara huiacha hadi iachie yenyewe.

Mawe yaliyooza hutolewa machache kwa wakati, na nafasi yake hujazwa na mawe ya jamii ileile, yenye uzito na vitundu vinavyokaribiana na ya awali. Jiwe hulowekwa kwanza, la sivyo litainyonya chokaa maji yake na kuiacha unga. Mchanga uwe umeoshwa chumvi. Mchanga wa ufuoni ulioingizwa ukutani moja kwa moja ni ugonjwa ulionunuliwa. Nyufa ndefu hufungwa kwa mawe yanayolala pande zote mbili za ufa, mithili ya mshono, na si kwa kuufunika kwa lipu. Kisha ukuta huachwa ukauke, pengine kiangazi kizima, kabla ya lipu mpya. Ni katika hatua hii ya kungoja ambapo kazi nyingi huharibika, kwani mwenye nyumba anataka kurudi ndani na fundi anataka malipo yake ya mwisho.

Mafundi wanaoijua kazi hii wapo Lamu, lakini wengi ni watu wazima na vijana wao wamekwenda kwenye zege, ambako kuna kazi kila siku. Vyuo vya kiufundi vinafundisha ujenzi wa tofali na saruji na kumtahini mwanafunzi kwa hilo. Cheti cha uashi wa chokaa kingekuwa hatua ndogo yenye athari kubwa, kwani kingemwezesha kijana wa Lamu kushindania zabuni za serikali huko Mombasa, Gede na kwingineko, badala ya kungoja mwenye nyumba mmoja mwenye fedha.

Yapo ya kufanya ambayo hayahitaji mfadhili wala kongamano. Kaunti na Makavazi ya Kitaifa zinaweza kuendesha tanuu moja la umma, likatoa chokaa iliyolowekwa kwa bei isiyopita ya saruji. Ruzuku ikitolewa kwa ndoo ya chokaa haiwezi kulipia nondo, na hivyo ni vigumu kuipotosha kuliko ikitolewa kwa pesa taslimu. Wenye kuhofia misitu wana hoja, kwa maana tanuu hula kuni. Lakini hesabu iwe ya haki: saruji nayo huchomwa, kwa joto kubwa zaidi, na hubebwa kwa malori na mashua. Kuna chokaa ya viwandani inayotengenezwa bara ambayo ingeweza kujazia upungufu, na kuna mawe ya nyumba zilizokwisha kuanguka ambayo leo hubebwa kujazia mashimo ilhali yangeokoa nyumba zilizosimama. Kuhusu boriti, kiwango maalum kwa ajili ya ukarabati wa mji wa kale pekee, kilichopigwa muhuri na Huduma ya Misitu, kisingeumaliza mkoko.

Kibali nacho kitofautishwe. Haifai mtu anayetaka kupiga lipu ya chokaa kwenye ukuta wake kupitia mlolongo uleule wa karatasi na yule anayetaka kuongeza ghorofa. Anayefanya lililo sawa aruhusiwe kwa siku chache na bila ada. Urefu wa foleni uwe kwa mwenye zege. Kwa sasa wote wawili hungoja pamoja, na mwenye haraka hujenga usiku.

Bunge la kaunti linapokaa kujadili makadirio ya fedha, kipengele cha utalii na utamaduni hupata mgao wa tamasha, mashindano ya mashua na mbio za punda. Ni vyema, mji unastahili shangwe zake. Lakini chokaa ya kutumika kiangazi kijacho inahitaji kuchomwa na kulowekwa miezi kadhaa kabla, na haijatengewa shilingi.